Mlango wa Abiria

Nianze na kosa langu, maana nisipolitaja mwanzoni nitalipunguza kidogo kidogo mpaka lisionekane kosa. Nilipewa maneno nimpelekee mtu. Sikuyapeleka.

Jina langu ni Generosa, mtu wa Bukoba, na kwa miaka kumi na moja hapa London kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa Mzee Matar, Mzanzibari wa Ilford, aliyeondoka kwao siku za mapinduzi akiwa kijana na hakurudi tena, hata mama yake alipozikwa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na gari la zamani analotaka kuliuza. Nikamtafutia mnunuzi kanisani kwetu, kwenye misa ya Kiswahili: Telesphor, dereva wa basi, mtu wa nyumbani. Siku gari linaondoka, Mzee Matar alinishika mkono.

"Generosa, mwambie huyo bwana apake rangi aitakayo. Ila mlango wa abiria, upande wa ndani, asiukwangue. Apake juu yake tu. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Kwa Telesphor sikusema kitu. Yeye ni mtu wa sala, angeniuliza maswali, na mimi niliogopa kuonekana kanisani kama mama anayebeba masharti ya waganga. Nikajiambia mzee kazeeka, anaweweseka. Dhambi hiyo nimeiungama kwa padri na nimesamehewa. Lakini yaliyompata Telesphor na mkewe yalikwishawapata. Nasimulia kama wao walivyonisimulia. Mwisho wake niliuona mwenyewe.

* * *

Ilikuwa Desemba ya mwaka jana, wiki ya pili ya Majilio. Desemba ya London anayeijua anaijua: saa kumi jioni jua limeshakwenda zake, na mvua yake si ya kunyesha ikaisha, ni ya kukaa. Telesphor alimaliza zamu yake ya alfajiri, akapitia dukani kuchukua msasa wa maji na kopo la thina ya kuyeyushia rangi, akaingia gereji yake nyuma ya nyumba. Akafunga komeo kwa ndani, upepo usimletee vumbi. Akawasha taa.

Lile gari likamtazama.

Lilikuwa pikapu la Kimarekani la mwaka 1951, moja ya yale ambayo vijana wa Kizungu zamani waliyakata paa, wakayashusha mpaka yakawa karibu kulamba lami, na injini wakaiacha wazi bila boneti ili watu waione inavyonguruma. Mzee Matar alilitengeneza kwa mikono yake miaka ya sabini. Ajabu ni kwamba aliliendesha mara mbili tu, halafu akalifunika turubai.

Telesphor kabla ya mabasi alikuwa fundi rangi Mwanza. Miaka yote hii ya kushika usukani wa watu wengine, mikono ilikuwa inamuwasha. Na alikuwa na ahadi. Jumapili ya Familia Takatifu, yeye na mkewe Winifrida wangetimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na alikuwa amemwapia: "Utakwenda kanisani kwenye kiti cha abiria cha gari jekundu, watu wote wa Ilford wasimame."

Winifrida alikuwa na mdomo, na lile gari aliliita mke mwenzake. Alikuja na kikombe cha chai, akachungulia dirishani.

"Mwenzangu hajambo? Bi mdogo amekula?"

"Anakusalimu, dada mkubwa."

"Mwambie akimaliza kupakwa wanja aje aoshe vyombo. Mimi naenda kazini."

Alicheka akaondoka. Telesphor alimsikia akicheka mpaka barabarani.

Akachovya msasa kwenye ndoo. Nje ya gari alishamaliza, ilibaki milango kwa ndani. Akaanza na wa abiria, akaufungua wote, akapiga goti. Shaa... shaa... shaa... Msasa wa maji hauna makelele, ni kama mtu anayefagia chumba cha pili. Rangi nyeusi ikatoka. Chini yake kijivu. Chini ya kijivu, kwenye chuma chenyewe, kukatokea maandishi.

Yalikuwa ya Kiarabu, mistari saba, yameandikwa na mkono usio na haraka, kwa wino wa manjano kama chai iliyolala.

Telesphor akaacha msasa. Mwanza alishapulizia magari mengi ya Waislamu, akawaandikia aya kwenye vioo kwa moyo mweupe kabisa. Lakini zile ziliandikwa zionekane. Haya yalifichwa chini ya rangi mbili. Sala mtu haifichi, alijiambia. Kinachofichwa ni uchawi.

Hapo ndipo maneno yangu yangemfaa. Sentensi moja tu.

Alikwenda ndani akaleta chupa ya maji ya baraka. Akayamimina yote kwenye ndoo, akafanya ishara ya msalaba, akaanza Baba Yetu, akashika msasa tena. Shaa... shaa... Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili. Maji ya manjano yakachuruzika kwenye mlango, yakafuata ufa wa sakafu, yakaingia mfereji wa maji machafu. Alipofika "utusamehe makosa yetu" chuma kilikuwa kitupu, kinang'aa.

Kumbe alikuwa akifuta sala kwa sala. Hakujua.

Kwanza ikaja harufu. Si ya thina wala ya rangi. Harufu ya mafuta ya nazi, yale ya nywele, yaliyochacha. Na ya nguo iliyolowa ikakosa jua.

Kisha...

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Nyuma yake, karibu. Na Telesphor, mikono ndani ya ndoo, bila kugeuka, akajibu kama alivyofundishwa tangu hajaota meno:

"Karibu!"

Neno likatoka kabla ya akili. Ndipo akili ikafika. Huku nani anabisha hodi? Huku watu wanabonyeza kengele. Na komeo alilifunga yeye mwenyewe.

Akageuka. Hakuna mtu. Komeo liko mahali pake.

Nyuma yake tena, springi zikalia. Kweee...

Gari lilikuwa limeinama upande wa abiria. Kama linavyoinama mtu anapopanda.

* * *

Kesho yake, kulipokucha vizuri, Telesphor alijicheka. Springi za miaka sabini haziwezi kukosa kulia. Akamwagia sakafu maji ili vumbi lilale, akavaa barakoa, akawasha kompresa ya upepo, akapulizia milango yote miwili praima, ile rangi ya chini, nje na ndani. Ikakaa vizuri. Akaenda zake kazini akiimba.

Aliporudi jioni, praima ya mlango wa abiria ilikuwa imejikunja mahali pamoja. Imekikimbia chuma. Fundi yeyote anajua maana yake: kuna mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Akachukua kitambaa na thina, akainama apafute.

Vilikuwa vidole vinne.

Vilikuwa upande wa ndani, kwenye ukingo wa dirisha. Gumba lilikuwa nje. Mkono mwembamba wa kike, umeng'ang'ania mlango jinsi anavyong'ang'ania mtu aliye nje wakati gari linaondoka.

Akafuta. Akapulizia tena. Akasimama palepale na bunduki ya kupulizia mkononi, macho kwenye ukingo. Rangi ikaanza kukauka. Ikatulia... Halafu taratibu, mbele ya macho yake, ikaanza kujikunja. Kidole cha kwanza. Cha pili.

Telesphor akazima kompresa, akatoka, akasahau taa.

Jirani yake ni Mama Madhu, Mhindi aliyezaliwa Jinja akaja huku mwaka Wahindi walipofukuzwa kule, na Kiswahili chake alikuja nacho kama kilivyo. Alikuwa ukutani anamngojea.

"Wewe Telesphor! Rangi yako naingia kwa chapati yangu! Mimi nakula chapati au nakula gari?"

"Nisamehe, Mama Madhu. Namaliza wiki hii."

"Kila siku namaliza, namaliza." Akashusha sauti. "Lakini ile mama nakaa ndani ya gari ni nani? Dada ya Winifrida?"

"Mama gani?"

"Ile nafunga kanga kichwani. Tangu jana nakaa tu, naangalia mbele. Mimi nasalimia, yeye hapana jibu. Hapana adabu!"

Telesphor akasema ni mgeni.

* * *

Telesphor hakumwambia mkewe. Hilo analijutia mpaka leo, kama mimi ninavyojutia langu. Alidhani atapaka rangi nyekundu haraka, padri atabariki gari, mambo yataisha. Na siku ya tatu Winifrida alishuka mwenyewe gereji, mikono kiunoni.

"Leo najaribu kiti changu. Nisije kufika kanisani na gauni limechanika."

"Ngoja rangi ikauke."

"Nakaa kwenye kiti, sikai kwenye rangi." Akapanda kiti cha abiria, akajipanga kama malkia, akapunga mkono. "Nasalimia watu wa Ilford..." Akasogea kidogo. "Telesphor, acha kunibana."

Telesphor alikuwa amesimama nje, hatua tatu kutoka gari, upande wa pili.

"Sogea bwana, unanibana!"

Akageuka kumtazama aliyembana. Telesphor aliuona uso wa mkewe ukibadilika, kicheko kikiondoka kama maji yanavyoondoka kwenye beseni. Alimvuta kwa mkono mpaka nje. Kiganja cha Winifrida kilikuwa cha baridi, kimeloa, na kinanuka mafuta ya nazi.

Tangu jioni ile Winifrida akaanza kupungua. Sisemi kukonda, nasema kupungua. Utani uliisha. Akapika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama ukutani. Akiambiwa akae, anauliza, "Nikae?" Hospitali wakampima damu, wakasema yuko salama, labda uchovu wa kazi. Usiku alijikunja ukingoni mwa kitanda mpaka akaanguka, na nafasi yote katikati imebaki tupu. Tena akaanza kusema maneno ambayo si ya kwetu. Sisi tunasema kuna. Yeye akawa anasema pana.

Telesphor aliifunga gereji kwa kufuli akaweka ufunguo mfukoni. Siku ya sita, saa kumi na nusu jioni, yuko jikoni anamkorogea mkewe uji, akasikia mlango wa uani.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi."

Safari hii hakujibu. Akaweka kijiko chini. Ila sauti aliijua. Ilikuwa ya Winifrida, ambaye dakika tano kabla alimwacha sebuleni chini ya blanketi.

Akafungua.

Winifrida alikuwa amesimama kwenye mvua, miguu mitupu. Alimtazama mume wake wa miaka ishirini na mitano kama mtu anavyomtazama dereva asiyemjua. Mkono wake wa kulia aliunyoosha mbele, vidole vinne vimekunjwa, kama umeshikilia kitu.

"Samahani, baba," akasema kwa upole. "Pana nafasi?"

"Winifrida! Ni mimi!"

"Nilikuwa nimekaa. Kanishusha. Kaniambia hapana nafasi."

Telesphor akatazama juu ya bega la mkewe. Kufuli lilikuwa chini, kwenye matope. Mlango wa gereji wazi, taa inawaka. Na ndani ya gari, kwenye kiti alichomwapia mkewe, kichwa kilichofungwa kanga.

Hakikugeuka. Kilikuwa kinatazama mbele.

Kinangoja dereva.

Alimbeba Winifrida kumwingiza ndani, anasema alikuwa mwepesi kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Akamkalisha kitini. Winifrida akainuka. Akamkalisha tena. Akainuka tena, akaenda kusimama mlangoni. Telesphor akaelewa, bila kufundishwa na mtu, kwamba mkewe anabadilishana nafasi na yule. Yule anakaa, huyu anabaki nje. Na siku itakapokamilika, Winifrida atakuwa wa kubisha hodi kwenye milango ya watu mpaka mwisho wa dunia.

Ndipo aliponipigia simu.

"Dada Generosa, huyo mzee wako aliniuzia nini?"

Nilikaa kitandani. Nikamwambia ukweli, maneno yote, kama nilivyopewa.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikasikia kwa mbali sauti ya Winifrida ikiuliza kama anaweza kukaa.

* * *

Mzee Matar aliniangalia usoni nilipoingia kwake kesho yake, akajua.

"Hukumwambia."

"Sikumwambia, mzee. Nisamehe."

"Kaukwangua?"

"Wote. Na mkewe anakwisha."

Alifumba macho. Halafu akanisimulia, taratibu, kama anasoma barua ya mtu mwengine.

"Nlikuwa na pikapu la tajiri wangu. Nimempakia mama yangu na ndugu zangu nyuma, twakimbilia bandarini, nyuma yetu bunduki zalia. Njia panda kaja mwanamke mbio, kashika mlango wa abiria. Kabisha kwa vidole, ngo ngo ngo, kama yuko uani kwa jirani. 'Hodi. Pana nafasi?' Hata wakati ule alisema hodi, Generosa. Mtu na adabu yake."

"Haikuwapo nafasi?"

"Ilikuwapo. Pale kitini pembeni yangu nlikuwa nimeweka godoro. Godoro! Nikamwambia hapana. Hakuachia mlango. Nikatia gia."

"Akaachia?"

"Sikutazama."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Akaendelea. Kila gari aliloendesha hapa Uingereza, magharibi ikiingia, yule mwanamke anakuja mlangoni, anabisha. Hili la mwisho, akapita mwalimu mmoja wa Tanga, mcha Mungu, akaandika kwa zafarani juu ya chuma. Hakuandika la kumfunga. Alimwombea apate pa kupumzika.

"Akaniambia, 'Matar, mimi nimeomba, bado wewe kumwomba radhi.' Mie nikapaka nyeusi juu yake. Nikaona yamekwisha." Akatafuta fimbo yake. "Niitie teksi, mwanangu."

* * *

Tulifika saa kumi na dakika chache, kiza kinaingia. Telesphor alitupokea mlangoni, hajanyoa, rozari shingoni. Winifrida alikuwa ukutani sebuleni, amesimama, na nisingemjua. Mzee Matar alimpa heshima kwa kichwa akapita. Alikataa tumshike. Akaenda gereji na fimbo yake, sisi wawili nyuma.

Kwa macho yetu gari lilikuwa tupu. Mlango wa abiria ulikuwa wazi. Lakini gari lilikuwa limeinama upande ule, na harufu ile ikanifanya nizibe pua.

Mzee akafungua mlango wa dereva, akajivuta ndani, akashika usukani. Alitazama mbele kwanza. Nafikiri hakuweza kugeuka. Tukamsikia anavuta pumzi. Halafu akageuka kwenye kile kiti kitupu.

"Nafasi ilikuwapo," akasema. "Ilikuwapo, bibi. Nlikudanganya."

Gari likabaki limeinama.

"Niwie radhi, si kwa ajili ya watu hawa. Mie n'shakaa kitini miaka sitini. Kaa na wewe. Hapana atakayekushusha. Mwache huyo mama wa watu akae kwake."

Akafungua kiganja chake, akakiweka juu ya kiti, katikati, kimeelekea juu. Mimi nilikuwa nasali Salamu Maria kimoyomoyo, nikapotea njiani. Kwa maana kile kiganja kilianza kufumba. Si kwa nguvu zake. Vidole vya mzee vilikunjwa kimoja kimoja, kama vinavyokunjwa na mkono mwingine.

Springi zikalia. Gari likanyooka, sawasawa, pande zote.

Kichwa cha Mzee Matar kikashuka kifuani.

Na kutoka ndani ya nyumba tukasikia sauti kali, yenye hasira, sauti ya mke wa mtu:

"Telesphor! Mbona nimesimamishwa hapa kama mwizi? Miguu inaniuma!"

Telesphor alikimbia, akaanguka, akainuka, akakimbia. Nikamsikia akilia kwa sauti kule ndani, na Winifrida akimwuliza kama kuna msiba.

Nilibaki peke yangu na mzee. Nikampima mshipa wa shingo kama tunavyofundishwa. Alikuwa amekwenda. Nikamfumba macho. Upepo uliinuka ghafla, mvua ikaanza kuingia kwa upande wa abiria, inamlowesha miguu. Nikazunguka gari. Nikaufunga ule mlango. Ulikuwa mzito kidogo, kama kitu kinausukuma, nikaegemeza bega, ukafunga.

Kah!

Nilifanya hivyo kwa heshima ya maiti. Mungu ndiye shahidi.

* * *

Waislamu wa Ilford walimzika vizuri, siku ya pili yake. Winifrida na Telesphor walitimiza jubilei yao, wakaenda kanisani kwa miguu, na Winifrida akawasema watu wote waliochelewa. Kiti cha mbele cha gari lolote hakai tena, anasema kizunguzungu. Lile pikapu lilikuja kuvutwa kwenda kusagwa, na asubuhi ile Telesphor alinipigia simu.

"Dada, njoo utazame kitu kabla hawajaliondoa."

Alinionyesha mlango wa abiria. Kwa nje, chini, usawa wa goti langu, praima ilikuwa imejikunja. Vidole vitano. Vifupi, vinene. Kiganja chote kingeenea kwenye sarafu mbili.

Mtoto. Wa miaka miwili, mitatu.

Mzee Matar hakututajia mtoto. Labda hakumwona. Labda alimwona, na hilo ndilo hakuweza kulisema hata siku ya mwisho. Siku ile mzee anakufa, mama wa mtoto huyo alikuwa amekwishapanda, mtoto bado. Na mlango niliufunga mimi.

Ilianza mwezi wa Januari. Nakaa ghorofa ya tatu, mlango wa mbao. Magharibi inapoingia, unagongwa. Hagongi pale wanapogonga watu. Anagonga chini. Hasemi hodi, nafikiri hajajua kusema. Anagonga mara mbili, anangoja, anagonga tena mara moja. Padri alikuja akabariki nyumba, kukatulia siku mbili. Imamu wa jirani, mtu mwema sana, alisoma mlangoni, kukatulia wiki. Kiangazi alikuwa anakuja saa tatu usiku, kwa kuwa ndipo jua la huku linapozama. Sasa ni Novemba, amerudi saa kumi.

Nimekaa na hili karibu mwaka mzima. Naogopa, sitakudanganya. Lakini nimeamua nimfungulie. Niliyemwacha nje ni mimi, na kwa mama yake sijui nimpelekeje, ila angalau aingie ndani, kuna joto.

Peke yangu siwezi. Nimejaribu mara tatu, mkono unafika kwenye kitasa, unakufa ganzi.

Kesho zamu yangu inaisha mapema. Nakuomba uje, kabla ya saa kumi, usimame karibu yangu nikifungua. Huna haja ya kusema wala kufanya lolote. Ukifika chini nipigie simu, nitashuka kukuchukua.